Kinanda Kisichosubiri

Kila Ijumaa jioni sisi wa kwaya tulipita nje ya nyumba ya Kadzo tukienda mazoezini, na kila tulipofika pale tulipunguza sauti. Hatukuwahi kukubaliana tufanye hivyo. Tulijua tu kwamba yuko ndani, anatusikia, na kwamba hawezi kutoka.

Kadzo alikuwa mke wa Dzombo, Wagiriama wote wawili, na nyumba yao ilikuwa hapa Garsen, nyumba ya udongo yenye vyumba viwili na ua wa makuti. Hawakuwa na mtoto. Katika kwaya yetu yeye ndiye aliyekuwa akianza wimbo peke yake, mistari miwili mitatu, kisha sisi wengine tukaingia. Sauti yake haikuwa na mapambo. Ilikuwa imenyooka, na mtu ukiifuata hupotei. Mimi niliimba sauti ya pili, na kwa miaka minne nilisimama mkono wake wa kushoto.

Februari mwaka 1997 mama mkwe wake, Kanze, alianguka shambani akipalilia mahindi. Walipomwinua, upande wote wa kulia ulikuwa umekufa, na maneno yalikuwa yamemtoka. Lilibaki neno moja la Kigiriama: vidzo, yaani vizuri. Ukimuuliza kama ana njaa, vidzo. Ukimgeuza na kidonda cha mgongoni kikamuuma hadi machozi yakamtoka, vidzo.

Dzombo alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi upande wa Malindi, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Dada zake wawili walikuwa wameolewa, mmoja Kilifi, mwingine Mariakani, nao walituma salamu za pole. Kwa hiyo kazi ilibaki kwa Kadzo. Kumgeuza kila baada ya saa chache, kumwosha, kufua mashuka, kumlisha uji kijiko kwa kijiko, kwa sababu chakula kilimpalia. Mlo mmoja ulichukua saa nzima. Alifika kisimani na kwenye duka la jirani, basi. Kanisani hakufika tena.

Mvua za El Nino zilipokuja mwishoni mwa mwaka ule, Garsen yote ilipata kuonja maisha ya Kadzo. Barabara ya Malindi ilikatika, mto ukafunika mashamba, na tukakaa wiki nyingi tumezungukwa na maji tukingoja unga wa helikopta. Dzombo hakuweza kuja kwa miezi mitatu. Wanaume wanne walimbeba Kanze na kitanda chake hadi shuleni, na Kadzo akamuuguza humo darasani mbele ya watu wote. Maji yalipopungua, sisi tulitoka, tukaenda Malindi, tukaenda Hola, tukasimulia. Kadzo alirudi nyumbani, akafagia matope, akaweka kitanda mahali pake.

Mwalimu wa kwaya yetu alikuwa Tuneya, Mpokomo, mwalimu wa shule ya msingi. Mgeni mmoja aliyekuja na watu wa misaada wakati wa mafuriko alimwachia zawadi alipoondoka: kirekoda kidogo kinachoingia mfuko wa shati, na spika zake mbili ndogo. Hakikutumia kaseti. Kilitumia kidiski kilichofungwa ndani ya kijumba cha plastiki, kidogo kama biskuti. Ulibonyeza, ukaruka moja kwa moja hadi wimbo wa saba. Ukabonyeza tena, ukarudia mstari uleule mara mia bila kuharibika. Sisi tuliozoea kurudisha kaseti kwa kalamu tulikishangaa sana.

Kirekoda kile kilituokoa, maana mpiga kinanda wetu, Gunga, alikuwa amehamishiwa Bura kikazi. Kabla hajaondoka, Tuneya alimkalisha kanisani siku nzima, akapiga nyimbo kumi na mbili mwanzo hadi mwisho, muziki mtupu bila mwimbaji, na zote zikaingia kwenye kidiski. Tangu hapo Gunga alikuwa Bura na kinanda chake kikawa mfukoni mwa Tuneya.

Juni 1998 Tuneya alibisha hodi kwa Kadzo.

"Dada Kadzo, nimekuletea mazoezi nyumbani."

Alimwonyesha namna ya kuwasha, kusimamisha na kurudia. Kingekaa kwake Jumatatu hadi Alhamisi, Ijumaa hadi Jumapili kirudi kwa kwaya. Kwenye kidiski cha pili Tuneya alikuwa amenasa mazoezi yetu ya wiki hiyo, Kadzo apate kusikia tulipofika.

"Mwalimu, mimi nitaimba wapi?" Kadzo aliuliza.

"Imba hapa hapa. Siku moja utatoka. Ukitoka, usianze kwa kujifunza."

Siku za mwanzo kirekoda kilimtesa. Alianza wimbo, Kanze akakohoa, akaenda kumwinua, na aliporudi kinanda kilikuwa mistari mitatu mbele. Gunga wa kweli alikuwa akikutazama usoni. Ukichelewa kupumua, alishikilia vidole hadi uwe tayari. Gunga wa kwenye mashine alikwenda tu. Kadzo alijifunza kuimba kwa kasi ile bila kuyumba, huku akikamua nguo, huku akikoroga uji. Betri zilipoanza kufa alizianika juani kwenye ungo, zikapata nguvu ya nusu saa nyingine.

Kisha akasikiliza kidiski cha mazoezi yetu. Tuneya alikuwa amekiwasha mwanzoni na kusahau kukizima tulipopumzika. Kadzo akatusikia tukicheka, tukisogeza mabenchi, tukizungumza habari za bei ya sukari. Alisema baadaye kwamba alifurahia hicho kuliko nyimbo, ilikuwa kama amekaa nasi. Halafu mtu mmoja akasema, karibu kabisa na mashine, "Huyu binti wa kutoka Ngao anayemshikia Kadzo nafasi apewe sehemu hiyo moja kwa moja. Kadzo harudi tena, tusidanganyane."

Sauti hiyo ilikuwa yangu.

Sikujua kwamba alinisikia. Yeye alizima kirekoda, akamlisha mama mkwe, na siku iliyofuata akawasha tena, akaanza wimbo wa kwanza.

Wiki ya tatu au ya nne, jambo lilitokea. Kadzo alikuwa ameweka spika juu ya sanduku, karibu na kitanda, akiimba wimbo ambao hata Kanze aliujua tangu usichana wake. Kwenye kiitikio alisikia sauti nyingine. Akadhani ni spika zinakoroma. Akatazama. Kanze, mdomo umepinda, macho kwenye paa, alikuwa akiimba, na alikuwa akiimba maneno, maneno kamili, moja baada ya jingine. Wimbo ulipokwisha Kadzo alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, umesema! Sema tena. Niite jina langu."

Kanze alimtazama muda mrefu. "Vidzo," alisema.

Maneno yalikuwa ndani ya wimbo tu. Nje ya wimbo hayakuwepo. Hata hivyo Kadzo alilia kwa furaha, akatoka hadi uani akamwita jirani yake Qabale, mwanamke wa Kiorma aliyeuza maziwa, aje aone. Qabale hakujua nyimbo zetu, naye ni Mwislamu, lakini alisimama mlangoni na kibuyu chake akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyu mama nasikia ndani," alisema. "Yeye bado iko."

Furaha hiyo ilidumu kama siku kumi. Baada ya hapo Kanze alikataa kula bila wimbo. Kijiko kikifika, alifunga meno. Kadzo aliwasha kirekoda, akaimba, na bibi akafungua mdomo kati ya mstari na mstari. Ijumaa, kirekoda kikienda kwa kwaya, Kadzo aliimba mwenyewe bila kinanda, na Kanze aligonga kitanda kwa ule mkono mzima, taratibu kisha kwa nguvu, mpaka aanzishiwe wimbo mwingine. Asubuhi wimbo, mchana wimbo, wakati wa kugeuzwa wimbo. Koo la Kadzo likakauka. Mazoezi aliyoletewa apate kutoka kidogo kwa roho yakamfunga kwenye kitanda kile kwa saa nyingi kuliko zamani.

Dzombo alipokuja mwisho wa Julai, mama yake alimwimbia kiitikio kizima. Mtu mzima yule alikaa sakafuni akajifunika uso kwa kofia.

Kadzo alingoja apoe. Walikuwa wamekubaliana tangu Pasaka kwamba Dzombo atamtafuta msichana wa ukoo aje asaidie. Jioni hiyo akamkumbusha.

"Msichana?" Dzombo alisema. "Kadzo, umeona mwenyewe. Msichana gani ataweza hivi? Mama anakula kwa sauti yako. Mungu hakukosea kukuweka hapa."

"Na mimi je?"

"Wewe nini?"

Kadzo alirudi kitandani kwa mama mkwe, akamgeuza. Aliniambia kwamba mpaka siku ile alikuwa akijiona kama mtu anayengoja zamu yake iishe. Maneno ya mumewe, tena yaliyosemwa kwa upendo, yalimfahamisha kwamba hakuna zamu. Dzombo alirudi kwenye chumvi yake Jumatatu, akamwachia pakiti ya betri mpya.

Agosti binti wa Ngao aliolewa, akahamia Malindi. Mashindano ya kwaya yalikuwa Oktoba, kule Hola, na hatukuwa na mtu wa kuanza nyimbo. Tulijaribu watatu. Mimi nilikuwa mmoja wao, na sitaki kusimulia. Tuneya akaenda tena kwa Kadzo.

"Ni siku moja," alimwambia. "Tunaondoka Jumamosi alfajiri, jioni tumerudi."

"Mwalimu, huyu hali chakula bila mimi."

"Anakula kwa sababu yako, au kwa sauti yako?"

Kadzo alisema swali hilo lilimchukiza alipolisikia, kisha likakataa kumtoka. Wiki nzima alilizungusha kichwani. Hatimaye akamwomba Tuneya redio-kaseti ya kanisa. Wakaunganisha waya, wakahamisha kinanda cha Gunga kutoka kwenye kidiski hadi kwenye kaseti. Kisha Kadzo akaweka kidiski kitupu ndani ya kirekoda, akafungua kaseti ipige kinanda, na akaimba mbele ya kipaza sauti kidogo, na mashine ikanasa vyote pamoja. Alifanya kazi hiyo vipande vipande kwa siku tano, Kanze akisinzia.

Hakuimba tu. Aliuimba mlo wenyewe. Mstari mmoja, kisha akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Fungua, Mama." Akanyamaza muda wa kijiko kimoja. "Meza. Polepole. Meza tena." Kisha mstari mwingine. Kwenye kiitikio alinyamaza kabisa akakiacha kinanda peke yake, ili Kanze apate nafasi ya kuimba yeye. Mara ya kwanza alikosea vipimo, kijiko kilichelewa. Akafuta, akaanza upya. Qabale, aliyekubali kukaa na Kanze siku hiyo, aliitwa kufanya mazoezi na bakuli la uji.

"Kadzo nasema fungua, mimi napeleka. Kadzo nasema meza, mimi nangoja," Qabale alijisemea, akihesabu kwa kichwa kama mtu anayejifunza kucheza ngoma ya ugenini.

Kirekoda kilikuwa kimoja tu, na kwaya ilikihitaji Hola. Hapo Tuneya akamwandikia Gunga barua, akaipeleka kwa dereva wa lori la Bura. Jibu lilikuja kwa mdomo: Gunga atakuja Hola mwenyewe, na kinanda chake. Kwa hiyo mashine ikabaki kando ya kitanda cha Kanze.

Dzombo hakuambiwa.

Tuliondoka kwa lori, wanawake mbele karibu na kichwa cha gari, vumbi linatufuata. Kadzo alikaa mkono wangu wa kulia. Tangu Garsen hadi tulipopita Wenje alitazama tu: ng'ombe wa Waorma, mashamba ya migomba ya Kinakomba, watoto wanaopunga mkono. Alikuwa akitazama kila kitu hadi kipotee nyuma. Halafu akasema bila kunigeukia, "Nilikusikia."

"Ulinisikia nini?"

"Kwenye kidiski. Ulisema sitarudi."

Nilianza kusema sikuwa na nia mbaya, nilikuwa nafikiria kwaya.

"Hukukosea," alinikatiza. "Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kulisema. Nilikuchukia wiki mbili. Halafu nikaona wewe ndiye peke yako uliyesema kitu cha kweli. Wengine wote walinipa pole."

Hakusema kama amenisamehe, nami sikuuliza.

Hola palijaa. Zamu yetu ilipofika Gunga aliketi kwenye kinanda, akatabasamu, akatoa utangulizi. Kadzo akaanza. Mstari wa kwanza ulinyooka kama zamani. Kwenye mstari wa pili nilimsikia akikaza, akikimbia kidogo, kama mtu anayeogopa kuachwa na gari. Kwa miezi minne alikuwa ameimba na kinanda kisichomwangalia. Gunga alimfuata; alipokimbia, naye alikimbia. Kadzo akashtuka. Nadhani ndipo alipofahamu. Alivuta pumzi ndefu, pumzi ambayo mashine isingempa kamwe, na kinanda kikashikilia sauti moja kikangoja. Kikangoja tena. Alipoingia, aliingia kwa wakati wake mwenyewe, na machozi yakimtoka bila kuharibu hata neno moja. Tulikuwa wa tatu. Waamuzi walisema tulianza bila utulivu, na ni kweli.

Jioni hatukurudi. Lori lilikatika mkanda wa injini njiani na tukakesha kando ya barabara. Kadzo hakulala. Alitembea kutoka nyuma ya lori hadi mbele, kutoka mbele hadi nyuma, hadi kulipopambazuka. Tulifika Garsen Jumapili adhuhuri. Aliruka kabla gari halijasimama sawasawa, akakimbia, nami nikamfuata kwa sababu nilimwogopea.

Qabale alikuwa ameketi mlangoni.

"Amekula?" Kadzo aliuliza.

"Nakula. Jana nakula, usiku nakula, leo nakula. Yote nakwisha. Mimi nabadilisha betri mbili mara."

Ndani, mashine ilikuwa ikiimba. Kanze alikuwa safi, uso umetulia. Kadzo aliinama akamshika mkono. "Mama, nimerudi. Ni mimi."

Kanze alimtazama. Kisha akautoa mkono wake mzima polepole, akaweka kidole mdomoni mwa Kadzo, amnyamazishe, kwa sababu kiitikio kilikuwa kinakaribia. Kikafika, naye akaimba.

Kadzo alitoka nyuma ya nyumba. Nilimkuta ameegemea ua wa makuti, mabega yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa akicheka. Kisha alikuwa akilia kweli. "Miaka miwili," alisema. "Miaka miwili, kumbe ningeweza kuwa sanduku la kuimba."

Dzombo alizisikia habari za Hola kabla hajafika nyumbani. Garsen haifichi kitu. Kazi ilimzuia hadi Desemba, akaja na hasira yake, akasema maneno ambayo Kadzo hakuniambia. Yeye alimngoja amalize. Ijumaa ikafika. Akajifunga kanga, akamwekea mumewe bakuli, kijiko na mashine, maana Tuneya siku hizo alitumia kaseti kwa mazoezi. "Narudi saa moja usiku," akasema, akaondoka.

Aliporudi alimkuta Dzombo amelowa uji kifuani na mikononi. Bakuli lilikuwa nusu. Kidiski kilikuwa kikisema "Meza, polepole," na hakuna aliyekuwa akimeza.

"Unafanya hivi mara ngapi kwa siku?" aliuliza Dzombo.

"Mara tatu. Na kumgeuza."

Usiku huo Dzombo aliandika barua mbili, ya Kilifi na ya Mariakani, na safari hii hakuandika salamu. Januari yule wa Mariakani alikuja, akakaa majuma matano. Katika majuma hayo Kadzo alikwenda kwao, akamwona mama yake mzazi, akalala mchana, akanenepa kidogo. Kisha wifi akasema watoto wake wanamngoja, akarudi kwake. Wa Kilifi hakuja.

Ikabaki Ijumaa. Kila Ijumaa, saa kumi na moja jioni, Qabale aliingia na Kadzo akatoka kwa muda wa saa mbili kamili, na hakuna mtu aliyewahi kumnyang'anya tena saa hizo. Siku nyingine zote alikuwa ndani. Sisi tulimpitia, tukamwita kwa nguvu kutoka barabarani. Mara nyingi alikuwa bado anamalizia kumgeuza bibi, naye alitujibu kutoka dirishani, "Tangulieni, nakuja," tukasimama pale pale kwenye jua tukamngoja.